Mwongozo kamili: Kukuza kazi yako ya QA (kujaribu ubora wa programu) ukiwa Nairobi kupitia jumuiya ya mtandaoni

Ujumbe huu huniingia karibu kila wiki, maneno yakibadilika kidogo tu: "Kaka, nilijiunga na ile jumuiya ya wajaribu programu uliyotutajia. Miezi mitatu sasa, sijaona kitu." Huwa namwomba mwenyewe anionyeshe alichoandika huko ndani. Mara nyingi nakuta vitu vitatu: salamu ya siku ya kwanza, wasifukazi uliotumwa bila kuombwa, na swali "kuna nafasi yoyote?" Baada ya hapo ni kimya, kimya chake na kimya cha wenyeji.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenzetu wengi wanaingia wakitaka mwenyeji awaponye wao kwanza.

Mwongozo huu unakufaa kama umemaliza kozi fupi na hujapata kazi, au kama tayari unajaribu programu katika ofisi ya watu watano pale Kilimani na hakuna aliyekutangulia wa kukufundisha. Jipe miezi sita. Nimeona watu wakifanikiwa mapema zaidi, lakini usipange kodi ya nyumba kwa matarajio hayo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Laptopu yenye RAM ya GB 8. Ya mtumba inatosha. Ya GB 4 itakusumbua siku utakapofungua kivinjari, Postman (zana ya kujaribu API, yaani njia ambayo programu moja huzungumza na nyingine) na mkutano wa video kwa wakati mmoja.

Simu ya Android ya bei ya chini, ile ambayo hifadhi yake iko karibu kujaa. Usiione kama mzigo. Programu nyingi hutengenezwa kwenye simu za bei kali na hutumiwa kwenye simu kama hiyo yako.

Intaneti ya aina mbili. Kama una ya waya nyumbani, weka pia data kwenye simu. Stima ikipotea, kisanduku cha intaneti huzimika nayo.

Akaunti ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kazi za programu) na ya LinkedIn, zenye jina moja na picha moja. Jina hilo hilo ndilo utakalotumia kwenye jumuiya. Mtu akisoma jibu lako zuri mahali pamoja, aweze kukutambua kwingine bila kubahatisha.

Daftari la karatasi. Andika tarehe, ulichojaribu, ulichotarajia na ulichoona. Mimi bado natumia la karatasi, kwa sababu programu ninayojaribu inapokwama na kuzima laptopu, maandishi yangu hayaendi nayo.

Saa 4 kwa wiki, siku zile zile. Kujiunga na jumuiya nyingi ni bure, kwa hiyo muda ndio gharama yako kubwa.

## Hatua ya 1: Chagua jumuiya mbili, moja ya mbali na moja ya nyumbani

Ya mbali inakupa maarifa. Kwa anayeanza, Ministry of Testing, yenye asili ya Uingereza, ni mahali pazuri: mazungumzo yake ni ya kazi hii tu, na wanaojibu ni watu wanaoifanya kila siku. Ukitaka mahali ambapo unaweza pia kulipwa kwa hitilafu unazopata, kuna uTest, ambayo ina mafunzo ya bure kwa wageni kabla hawajapewa kazi. Nitarudi kwake mwishoni.

Ya nyumbani inakupa habari: nani anaajiri Westlands, ofisi gani inachelewesha mishahara, mahojiano ya wapi yana mtihani wa vitendo. Hapa Nairobi mazungumzo hayo yako kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram. Kabla ya kutulia kwenye kikundi, rudi nyuma usome wiki mbili zilizopita. Kama kuna maswali yaliyojibiwa, kaa. Kama ni matangazo ya kazi na picha za kuchekesha tu, ondoka bila kuaga.

Mbili zinatosha. Aliye kwenye jumuiya saba hajulikani hata moja.

Angalia saa pia. Vikao vingi vya moja kwa moja hupangwa kwa saa za London. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kwao ni saa tatu usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa mbili usiku wakati wa kiangazi chao, kwa sababu wao hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba na sisi hatubadilishi. Nimewaona watu wakiingia kikao kilichokwisha saa nzima iliyopita.

Onyo: Mtu akikudai "ada ya usajili" ili akuingize kwenye kikundi cha kazi za kujaribu programu, hata kama ni shilingi 500, toka. Hiyo si jumuiya.

## Hatua ya 2: Soma wiki mbili kabla ya kuandika

Tafuta majina matano yanayojibu vizuri, usome yote waliyoandika mwezi huo. Nukuu kwenye daftari maswali yanayojirudia. Hutahitaji kufanya kingine wiki hizo.

Utajua umefika pale utakapoweza kukisia nani atajibu swali gani.

## Hatua ya 3: Jitambulishe kwa kazi yako

Utambulisho unaoshindwa huwa hivi: "Hello, mimi ni Brian kutoka Nairobi, ninapenda sana teknolojia, natafuta nafasi yoyote ya QA, naomba msaada wenu."

Hauna kosa la adabu. Tatizo lake ni kwamba hauna pa kushika. Msomaji hajui akuulize nini, na "nafasi yoyote" inamwambia kwamba hata wewe hujajua unachotaka.

Sasa linganisha na huu: "Mimi ni Brian, niko Nairobi. Nimejaribu programu za malipo kwa miezi minane, kwa mkono zaidi. Wiki hii ninajifunza kujaribu API kwa Postman, na nimekwama kwenye namna ya kupanga majaribio ya malipo yanayochelewa kujibiwa. Kuna anayefanya kazi kama hiyo?"

Huu una mahali, muda, kitu kimoja unachokijua na kitu kimoja usichokijua. Mtu wa benki aliye Uholanzi anaweza kuujibu, na wa duka la mtandaoni kule India pia.

Jumuiya ya mbali huzungumza Kiingereza. Andika sentensi fupi, bila kutafuta maneno makubwa. Kwa wengi wanaokusoma pia si lugha yao ya mama.

## Hatua ya 4: Andika ripoti moja ya hitilafu, uifanye vizuri kupita kiasi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Katika kazi yetu, ripoti ya hitilafu ndiyo sampuli ya mkono wako, kama mshono ulivyo kwa fundi cherehani. Mtu anayeajiri akiona ripoti moja iliyoshonwa vizuri, amekujua.

Usianze kwenye programu ya mtu. Anza kwenye tovuti zilizotengenezwa ili zijaribiwe. Moja ni Sauce Demo, duka la kuigiza lenye hitilafu zilizopandwa makusudi. Ukurasa wake wa kuingilia wenyewe unakupa majina ya watumiaji na nenosiri moja la wote, secret_sauce. Ingia kama problem_user. Weka bidhaa moja kwenye kikapu, nenda kulipia, ujaze jina la kwanza na jina la ukoo.

Hivi ndivyo wengi wanavyoripoti wanachokiona hapo: "Fomu ya kulipia haifanyi kazi. Tafadhali rekebisheni."

Na hivi ndivyo ninavyotaka uiandike:

*Kichwa:* Jina la ukoo halijazwi kwenye fomu ya kulipia. Herufi zake zinaharibu jina la kwanza.

*Mazingira:* Laptopu, Windows 11, Chrome (andika nambari kamili ya toleo), mtumiaji problem_user.

*Hatua:* 1. Ingia. 2. Weka bidhaa moja kwenye kikapu. 3. Fungua kikapu, bofya Checkout. 4. Andika "Wanjiku" kwenye jina la kwanza. 5. Andika "Kamau" kwenye jina la ukoo.

*Nilichotarajia:* Sehemu ya kwanza ibaki na "Wanjiku", ya pili iwe na "Kamau".

*Nilichoona:* Sehemu ya pili inabaki tupu, na maandishi ya sehemu ya kwanza yanabadilika ninapoandika ya pili. Nikibofya Continue, naambiwa jina la ukoo linahitajika.

*Athari:* Mteja huyu hawezi kumaliza ununuzi, na hakuna njia nyingine ya kupita.

*Nimerudia:* Mara tano kati ya tano. Kwa mtumiaji standard_user haitokei.

Mstari wa mwisho ndio unaotenganisha mgeni na mwenyeji. Kusema hitilafu inatokea lini ni nusu ya kazi. Kusema haitokei lini kunamwokoa mwandishi wa programu saa nzima ya kutafuta, kwa sababu umempunguzia mahali pa kuangalia.

Weka ripoti hiyo kwenye jumuiya yako, uombe jambo moja mahususi: "Kama wewe ndiye ungerekebisha hitilafu hii, ungekosa habari gani?" Utasahihishwa. Ifanyie marekebisho, uirudishe. Kisha andika nyingine mbili.

Onyo la kisheria. Usiende kujaribu mifumo ya benki, ya kaunti au ya hospitali bila ruhusa ya maandishi ili upate cha kuonyesha. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inatoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye mfumo bila idhini. "Nilikuwa najifunza" haitakusaidia mahakamani.

Onyo la pili, nalitoa kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikwama, nikatuma picha ya skrini kwenye kikundi kuomba msaada. Juu kushoto kwenye picha palikuwa na jina la mteja na nambari yake ya simu. Dada mmoja aliniandikia pembeni: "Kaka, futa hiyo picha sasa hivi, halafu mwambie mkubwa wako kabla hajaambiwa na mwingine." Niliifuta baada ya dakika nne. Ilikuwa imeshaonekana na watu wengi. Nilimwambia mkubwa wangu asubuhi iliyofuata, nikapewa barua ya onyo, na barua hiyo ilinistahili. Yule mteja hakuwa amekubali nambari yake izunguke kwenye simu za watu asiowajua, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data inayosema hivyo waziwazi.

Tangu siku hiyo nina desturi moja: kabla ya kutuma picha ya skrini, naikata ibaki sehemu yenye hitilafu tu, kisha naifungua tena kwa ukubwa kamili na kuisoma neno kwa neno, pamoja na anwani iliyo juu ya kivinjari. Fanya hivyo hata kwa data unayodhani ni ya kubuni.

Dalili ya mafanikio: Mtu usiyemjua ameifuata ripoti yako na kuona hitilafu ile ile bila kukuuliza swali hata moja.

## Hatua ya 5: Leta unachokijua kwa sababu unaishi hapa

Wengi wakifika hapa husema, "Lakini mimi nina nini cha kuwafundisha watu wa London?" Una mengi. Mambo unayoyaona ya kawaida ni majaribio ambayo wenzako hawajawahi kuyawaza.

Chukua jina Ng'ang'a. Lina alama mbili za ritifaa. Mifumo mingine huikataa alama hiyo ikidhani ni jaribio la kuvamia hifadhidata. Mingine huifuta, mtu akawa Nganga. Lakini hitilafu ninayoipenda zaidi ni iliyojificha. Alama hii ina maumbo mawili: iliyonyooka na iliyopinda. Simu nyingine hubadilisha iliyonyooka kuwa iliyopinda zenyewe unapoandika. Sasa mteja amejisajili kwa simu yake, jina likahifadhiwa na alama iliyopinda. Anafika kwenye dirisha la huduma, karani anaandika jina lile lile kwa kibodi ya kompyuta, alama ikawa imenyooka. Mfumo unajibu: mteja hayupo. Mteja amesimama pale na kitambulisho mkononi. Macho ya binadamu yanaona jina moja. Kompyuta inaona mawili.

Andika hilo kwenye jumuiya, eleza jinsi ya kulijaribu, na mtu wa Ireland atakuja kukuambia kwamba akina O'Brien wanateseka vivyo hivyo. Hapo umekuwa mwenzake.

Chukua nambari za simu. Tangu 2019 tuna nambari zinazoanza na 01, lakini bado unakutana na fomu inayokubali 07 peke yake. Jaribu kuanzia 07, 01, 254 na +254, jaribu na nafasi katikati, jaribu tarakimu moja zaidi na moja pungufu.

Chukua M-Pesa. Kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Kwa kujaribu mipaka utaandika 249,999, kisha 250,000, kisha 250,001. Hayo yako kwenye kila kitabu cha kozi. Sasa ongeza la kwetu: mpokeaji ana 400,000 kwenye akaunti, na anatumiwa 150,000. Kiasi kinakubalika, akaunti yake haiwezi kukipokea. Programu yako inamwambia nini mtumaji? Nimeona programu zikisema "hitilafu ya mtandao", mtu akajaribu tena na tena.

Na kuna lile dirisha la PIN linalojitokeza kwenye simu wakati wa kulipia. Liache mpaka liishe muda. Likatae. Weka PIN isiyo sahihi. Lipa bila salio la kutosha. Kisha fanya lile la hatari: weka PIN sahihi, halafu zima mtandao wa simu mara moja. Pesa imetoka, lakini jibu limechelewa kufika kwenye programu. Kama programu inaandika "malipo yameshindwa" na kumpa mteja kitufe cha kujaribu tena, atalipa mara mbili. Mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ni ya bure kwa anayejisajili. Yatumie kuona jinsi maombi na majibu hayo yanavyosafiri, bila kugusa pesa ya mtu.

Andika moja kati ya haya kila wiki mbili. Maneno 300 yanatosha: hali, jinsi ya kuijaribu, unachotarajia kuona. Usiandike "Majaribio 10 kila mtu anapaswa kujua". Andika jambo moja, ulijue.

Dalili ya mafanikio: Watu wanaanza kukutaja wanapozungumza juu ya malipo ya simu, hata kama hukuwepo kwenye mazungumzo hayo.

## Hatua ya 6: Uliza swali linaloweza kujibiwa

"Selenium haifanyi kazi, msaada" si swali, hata kama wote wanajua Selenium ni zana ya majaribio ya kiotomatiki ya kivinjari. Anayetaka kukusaidia atalazimika kukuuliza mambo sita kwanza, na ana kazi yake ya kufanya.

Swali linalojibika lina vitu vinne: unachojaribu kufanya, ulichoandika (mistari michache, si faili zima), ujumbe wa kosa kama ulivyo, na ulichokwisha kujaribu. Mfano: "Kitufe cha kulipia hakipatikani mara 3 kati ya 10. Nikiweka kusubiri sekunde 5, kinapatikana mara zote. Sitaki kusubiri kwa kukisia. Nisubiri nini hasa?" Swali hilo litajibiwa kabla hujamaliza chai, kwa sababu kila aliyewahi kuandika majaribio ya kiotomatiki ameumwa na jambo hilo: ukurasa haujamaliza kujijenga, jaribio limeshatafuta kitufe. Utaambiwa usubiri hali, yaani kitufe kionekane na kibofyeke, badala ya kusubiri muda.

Ukijibiwa, rudi. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Sema "nimejaribu, imefanya kazi", au "nimejaribu, sasa naona hivi". Aliyekupa nusu saa yake akaachwa bila neno hatakujibu mara ya pili, na hatakuambia kwa nini.

## Hatua ya 7: Jibu maswali mawili kila wiki

Si lazima uwe mtaalamu. Aliyejifunza Postman mwezi jana anamweleza anayeanza leo vizuri kuliko aliyejifunza miaka kumi iliyopita. Jibu ulichokifanya kwa mikono yako tu. Usichokifanya, kiache, jibu la kubahatisha linakumbukwa muda mrefu.

Kwenye vikundi vya nyumbani, mtu akiwa na swali la kwanza kabisa, mjibu hapo hapo mbele ya wote badala ya kumvuta faraghani. Kuna wengine thelathini wenye swali hilo walioona haya kuuliza.

## Hatua ya 8: Geuza maandishi kuwa ushahidi

Mwisho wa mwezi wa tatu utakuwa na ripoti kadhaa, makala fupi na majibu. Zikusanye GitHub kwenye hazina moja: ripoti zako bora tatu, jedwali moja la majaribio ya fomu ya nambari za simu, na faili la maombi ya Postman ulilolifanyia mazoezi. Mwanzoni weka aya moja ya maelezo. Ukishaanza majaribio ya kiotomatiki kwa Playwright au Selenium, ongeza machache yanayopita kila mara. Majaribio matano thabiti yanakutetea kuliko hamsini yanayoyumba.

Kwenye wasifukazi, futa "mchapakazi anayejituma". Weka mahali pake: "Niliripoti na kueleza hitilafu ya majina yenye ritifaa, ripoti iko hapa," pamoja na kiungo.

Sasa cheti. Watu huniuliza kuhusu ISTQB, cheti cha kimataifa cha wajaribu programu, kabla hawajaandika hata ripoti moja, na huwa nawaambia wangoje mpaka hapa. Mtihani wa ngazi ya msingi, kwa mtaala wa toleo la 4.0 uliotoka 2023, una maswali 40 kwa dakika 60, na unapita kwa alama 26. Kama lugha ya mtihani si lugha yako ya kwanza, una haki ya kuomba asilimia 25 ya muda wa ziada, yaani dakika 75 kwa jumla. Omba wakati wa kujiandikisha, usingoje siku yenyewe. Mtaala na mitihani ya mfano hupatikana bure, kwa hiyo soma mwenyewe kwanza, ujipime, ndipo uamue kulipa. Wako waajiri wa Nairobi wanaotaka cheti hicho kwenye tangazo. Ila sijawahi kuona mtu akiajiriwa nacho bila kuonyesha kazi.

## Hatua ya 9: Sasa omba kazi

Umeshajulikana, kwa hiyo ombi lako litasomwa. Usilitupe kwenye kikundi. Mwandikie mtu mmoja mliyewahi kubadilishana mawazo: "Dada, mwezi uliopita ulinisaidia kwenye swali la kusubiri kitufe. Nimeona kampuni yenu inatafuta mtu wa QA. Nimefanya majaribio ya malipo ya simu, mifano mitatu iko kwenye kiungo hiki. Je, unadhani ninafaa kuomba, na kuna jambo gani nilikaze kwanza?"

Hujamwomba akupe kazi, ambayo labda hana uwezo wa kuitoa. Umemwomba maoni, ambayo anayo. Akiona unafaa, yeye mwenyewe atakuambia utume kwa nani.

Ukingojea kazi ya kudumu, uTest inaweza kukupa kipato kidogo na mazoezi ya kweli. Unalipwa kwa ripoti zilizokubaliwa, kupitia PayPal au Payoneer. Zilizokataliwa hushusha daraja lako, na ukishuka unaitwa kwenye kazi chache zaidi. Kwa hiyo tuma ripoti tatu ulizozirudia kwa uhakika badala ya kumi za haraka. Kazi hizo zina masharti ya siri. Hitilafu uliyoipata huko haiendi GitHub, haiendi kwenye kikundi, haiendi kwenye wasifukazi.

Kuna biashara hapa mjini ya kuuza na kukodisha akaunti za kazi za mtandaoni zilizokwisha kupanda daraja. Usinunue. Akaunti ina jina la mtu mwingine, malipo yanaenda kwa jina la mtu mwingine, na siku itakapofungwa hutakuwa na wa kumlalamikia.

Dalili ya mafanikio: Unaitwa kwenye mahojiano, na anayekuhoji anaanza kwa kusema amesoma kitu chako.

Siku hiyo tarajia jaribio la vitendo: watakupa fomu, au programu ya simu, au kikombe tu cha chai na kukuambia ukijaribu. Usianze kujaribu. Anza kwa kuuliza: kitatumiwa na nani, kwa kazi gani, na kitu gani kikiharibika kitawaumiza zaidi? Andika majibu kwenye daftari mbele yao, kisha ndipo uanze.

Kama mahojiano ni ya video, chaji laptopu usiku uliotangulia mpaka ijae, washa data ya simu na uijaribu kwa mkutano wa dakika mbili na rafiki. Tuma pia barua pepe fupi asubuhi hiyo yenye nambari yako ya simu, ili stima ikipotea katikati ya swali, wawe na namna ya kukupigia.